Tukuyu wanatuma, hawapokei: mpe kila reflekta kitambulisho chake

Saa nne usiku simu iliita ofisini kwetu hapa Mbeya. Alikuwa fundi wa zamu wa mtoa huduma mmoja wa intaneti: "Kaka, Tukuyu wanatuma lakini hawapokei. Nikipingi (nikituma ujumbe wa kujaribu) ruta yao inajibu vizuri, wateja wao ndio hawapati kitu."

Wengi tunaowahudumia wana ruta nane mpaka kumi na mbili kati ya Tunduma na Mafinga. Wakati ni chache, kila ruta huunganishwa na kila ruta kwa iBGP, itifaki ambayo ruta za mtandao mmoja hupeana njia za kufikia anwani, kwa sababu itifaki hii inakataza njia uliyopewa na jirani wa iBGP kuipitisha kwa jirani mwingine wa iBGP. Ruta 4 ni seshi (miunganisho ya ruta mbili mbili) 6, haisumbui mtu. Ruta 12 ni seshi 66. Ukifungua kituo cha 13 pale Makambako, fundi anaingia kwenye ruta zote 12 za zamani, moja moja.

Reflekta ya njia, yaani ruta inayozigawa njia kwa ruta nyingine, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1996 na sasa inafuata waraka wa kiufundi RFC 4456 wa mwaka 2006, imeruhusiwa kukiuka katazo hilo. Njia iliyotoka kwa ruta mteja wake (ruta inayoitegemea kugawiwa njia) inaisambaza kwa wote. Iliyotoka kwa asiye mteja inazipa ruta wateja wake tu. Sisi huweka mbili, Mbeya na Iringa, na ruta mpya inahitaji seshi mbili basi.

Ili njia zisizunguke bila mwisho, kila reflekta hugonga muhuri, yaani kitambulisho cha klasta yake (kundi la reflekta na ruta wateja wake), kwenye njia inayoipitisha. Ikiletewa njia yenye muhuri wake, inaitupa. Ni kinga nzuri sana, na ndiyo iliyowaumiza Tukuyu.

Mchana ule walikuwa wamebadilisha ruta ya Tukuyu, na nenosiri la seshi ya kwenda Mbeya likaingizwa vibaya. Seshi ya Iringa ilikuwa hai, na OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta zenyewe kufikiana, ilikuwa nzima, ndiyo maana pingi ilijibu. Iringa ikapokea njia za wateja wa Tukuyu na kuzipeleka Mbeya. Lakini reflekta zote mbili zilipewa kitambulisho kimoja cha klasta, kwa hiyo Mbeya ikaona muhuri "wake" na kuzitupa. Majibu kutoka nje yaliingilia Mbeya, hayakukuta njia ya kwenda Tukuyu, yakafia hapo.

Tulirekebisha nenosiri kwa dakika chache. Kazi yenyewe ilikuwa kuipa kila reflekta kitambulisho chake, ili siku nyingine seshi moja ikianguka, Mbeya ikubali kuzipata njia hizo kupitia Iringa. Wapo mafundi wanaopenda kitambulisho kimoja kwa sababu kinapunguza nakala za njia kwenye kumbukumbu ya ruta. Kama unabeba jedwali zima la njia za IPv4 za intaneti ya dunia, ambalo limeshapita njia 900,000, hoja hiyo ina uzito. Kwa mtandao wenye njia elfu chache za ndani, hatuoni sababu ya kumweka mteja gizani ili kuokoa kumbukumbu kidogo.

Jambo jingine tunalolikuta mara kwa mara: reflekta kwa kawaida haibadilishi anwani ya hatua inayofuata, yaani ruta ambayo data ipelekwe. Ruta ya pembeni inayopokea njia kutoka nje ndiyo ijitangaze yenyewe kuwa hatua hiyo, la sivyo wa ndani wanapewa njia wasiyoweza kuifikia.

Mabadiliko ya kitambulisho tunayafanya saa saba usiku, reflekta moja kwanza, maana kubadilisha kitambulisho kunaweza kuangusha seshi. Ya pili hatuigusi mpaka tuhesabu njia za kila ruta mteja na kuona zimerudi zote.