Taa ya matumbawe haichaguliwi kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya nyumbani, ambaye wiki iliyopita aliwashauri wasomaji kuhusu taa za LED kwa tangi la matumbawe. Ushauri wake ulikuwa mfupi: nunua taa yenye wati nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, iwashe kwa nguvu zote kwa saa 12 kila siku, na ile rangi ya buluu ni urembo tu, ukiipenda iache, ukiichoka izime. Mimi niliufuata ushauri wa namna hiyo miaka minne iliyopita, kabla haujafika gazetini, nikapoteza matumbawe 7 kati ya 19 ndani ya wiki tano. Ndiyo maana safu ile sikuweza kuipita kimya.

Mimi ni fundi cherehani. Nalitaja hilo kwa sababu kazi yangu ilipaswa kuniokoa na haikuniokoa. Kila fundi anajua kwamba mteja akichagua uzi chini ya taa, akitoka nje juani uzi na kitambaa vinaweza kuwa vimeshagombana. Mimi mwenyewe huwatoa wateja hadi mlangoni wakaione rangi kwa mwanga wa mchana. Mtu huyohuyo ndiye aliyeitazama taa mpya ya matumbawe, akaiona hafifu, akaiongeza.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 100, upana 50 na kina 50. Lita 250 kama lingejazwa hadi ukingoni bila jiwe hata moja. Kwa miaka mitano lilimulikwa na tyubu sita za wati 39. Sitazisema vibaya. Mwanga wake ulimwagika kwa upana, kama wa siku ya mawingu, na hakuna tumbawe lililokaa kivulini. Ubaya wa tyubu ni kwamba huchoka muda mrefu kabla ya kuungua: inawaka, unaiona inawaka, kumbe nguvu na rangi vimeshapungua. Mtunzaji makini huzibadilisha kila mwaka au mapema zaidi. Nilichoka na kubadilisha, nikanunua taa mbili za LED za wati 95 na kuzitundika sentimita 20 juu ya maji.

Nilipoziwasha, chumba kiligeuka buluu na, machoni pangu, kikawa na giza kuliko zamani. Nikapandisha hadi asilimia 100. Siku ya tisa, Acropora, tumbawe la matawi lililokaa juu kabisa ya jiwe, ikaanza kuwa nyeupe kuanzia ncha za matawi na upande unaotazama taa. Upande wa chini, kwenye kivuli cha matawi yake yenyewe, ilibaki na rangi ya kahawia. Jibu lilikuwa mbele yangu, limechorwa kabisa kama mstari wa chaki kwenye kitambaa, nami sikulisoma. Nilidhani inakosa mwanga. Nikaongeza muda wa kuiwasha kutoka saa 10 hadi saa 12 kwa siku.

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa chembe moja. Tumbawe huupa makazi. Mwani nao hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Mwanga ukizidi ghafla, mwani hauwezi kuutumia wote. Ziada hiyo huzalisha oksijeni ya aina kali inayoumiza seli, na tumbawe huutoa mwani nje. Weupe unaouona ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama iliyobaki bila rangi. Hapo tumbawe bado li hai, lakini lina njaa, na ukiliongezea mwanga unalimalizia.

Sasa, kwa nini jicho lilinidanganya? Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani iliyo karibu na nanomita 555 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake). Taa za matumbawe hutoa nguvu zake nyingi karibu na nanomita 450, buluu iliyokolea, ambako jicho hupokea chini ya sehemu moja ya ishirini ya kile ambacho lingepokea kwa kijani chenye nguvu ileile. Lumeni na laksi, vipimo vya kawaida vya mwangaza, vimeundwa kwa kufuata jicho hilohilo. Kwa hiyo programu ya simu inayopima laksi, ambayo mimi niliiamini kwa siku kadhaa, hurudia uongo wa jicho, ila kwa tarakimu.

Mwani nao hauko hivyo. Klorofili, ile rangi yake inayonasa mwanga, hunyonya sana buluu, na nyekundu pia. Na bahari yenyewe imeshafanya uchaguzi: maji humeza nyekundu ndani ya mita chache za mwanzo, huku buluu ikishuka mbali zaidi ya rangi nyingine zote. Baadhi ya matumbawe tunayofuga yanatoka kwenye vilindi ambako karibu kila kitu kimeshakuwa buluu. Kumwambia msomaji aizime buluu kwa kuwa ni urembo ni kumwambia aondoe chakula na kubakiza sahani. Nyeupe ndiyo ya kwetu sisi watazamaji. Inasaidia kidogo, nami ninayo, lakini ndiyo ninayoipunguza kwanza.

Kuhusu wati. Wati zinaeleza umeme unaoingia kwenye taa, hazielezi mwanga unaofika kwenye tumbawe. Zamani watu walihesabu wati kwa kila lita, na kwa tyubu za aina moja hesabu hiyo ilikuwa na maana fulani. Kwa LED haina. Taa mbili zenye wati sawa, moja ikiwa na lensi inayofungua mwanga kwa pembe ya nyuzi 60 na nyingine ya nyuzi 120, ni taa mbili tofauti kabisa: ya kwanza huchoma doa dogo hadi mchangani, ya pili husambaza na kuishia kumulika ukuta wa chumba pia. Tangi refu la kwenda chini linaweza kuitaka ile ya kwanza. Tangi langu, la sentimita 50 tu, halikuihitaji, na ndiyo niliyonunua.

Kipimo kinachofaa ni kile kinachohesabu chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700, ambacho wafugaji hukiita PAR na husomwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kifaa chake ni ghali kwa mtu atakayekitumia mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usikinunue. Kiazime kwa mfugaji mwenzako. Hakikisha tu kwamba ni cha kisasa, maana baadhi ya vile vya zamani husoma buluu kwa upungufu. Mimi nilikiazima nikiwa nimeshapoteza matumbawe matano. Juu ya jiwe, pale Acropora ilipokuwa, kilisoma 620. Mchangani 140. Nyuma ya jiwe, kwenye kivuli, 30. Kisha nikarudisha zile tyubu zangu kuukuu, ambazo kwa bahati sikuwa nimezitupa, nikapima palepale juu ya jiwe: 170.

Nilikaa kitini na kalamu. Mwanga wa siku hukusanyika kama mvua kwenye pipa. Kinachohesabika ni kasi na muda kwa pamoja. 170 kwa saa 10 ni kama moli 6.1 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni moja). 620 kwa saa 12 ni karibu moli 26.8. Nilikuwa nimeyaongezea matumbawe mwanga zaidi ya mara nne ndani ya siku chache, wakati mimi nikiamini nimeyapunguzia.

Wengi watauliza ni kiasi gani basi kinachofaa. Wafugaji kwa kawaida huyaweka matumbawe laini na yale ya umbo la uyoga kwenye 50 hadi 100, yenye polipu kubwa (polipu ni vile vinyama vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe) kwenye 75 hadi 150 hivi, na yenye polipu ndogo kama Acropora kwenye 200 hadi 350. Ni mipaka ya kuanzia. Tumbawe lililozoea 80 laweza kuungua likipelekwa ghafla kwenye 200 hata kama jina lake linasema linaweza kuvumilia. Umelinunua kwa mtu? Muulize taa yake, siyo jina la tumbawe tu.

Marekebisho yangu hayakuhitaji taa mpya. Nilitoa zile lensi za nyuzi 60, kwa kuwa za kwangu zilikuwa za kufungua kwa skrubu, nikaweka kioo chenye ukungu kinachotawanya mwanga. Nikazipandisha taa hadi sentimita 33 juu ya maji. Nikaanza na nguvu ambayo juu ya jiwe ilisoma 150, yaani chini kidogo ya tyubu, halafu nikawa naongeza asilimia 5 kila wiki, na wiki ambayo tumbawe lolote lilififia sikuongeza kitu. Ilichukua karibu miezi mitatu. Leo juu ya jiwe pana 270, katikati 150, mchangani 80. Muda ni saa 9, zikiwemo dakika 90 za kupambazuka na 90 za kuchwa.

Lililonisumbua zaidi ni vivuli. Hili safu haikuligusa, nami naona ndilo udhaifu mkubwa wa LED. Mwanga unatoka kwenye vitone vichache, kwa hiyo tawi la tumbawe linajiwekea kivuli chake lenyewe, na jinsi linavyokua ndivyo kivuli kinavyonenepa. Chini ya tawi panakufa huku juu panang'aa, na anayetazama kutoka mbele haoni mpaka siku anapoligeuza. Nilifunga ufito mwembamba wa LED za buluu ukingoni mwa mbele, na mwingine nyuma. Ule upande wa 30 ukapanda hadi 70. Kama ningekuwa naanza upya, ningenunua taa nne ndogo badala ya mbili kubwa, kwa wati zilezile.

Kuna jambo jingine nililolijua nikiwa nimechelewa. Matumbawe yakipata mwanga unaofaa hujenga mifupa kwa kasi, na malighafi ya mifupa hiyo hutolewa kwenye maji. Kipimo changu cha alkalini, kinachoonyesha akiba ya malighafi hiyo kwenye maji na kilichozoea kukaa dKH 8.5, kilishuka hadi 6.8 kabla sijashtuka. Aliyebadilisha taa na apime maji mara nyingi kuliko kawaida, angalau kwa miezi ya mwanzo.

Na chumvi! Matone ya maji hurukia kioo cha taa, hukauka, na utando mweupe hukua taratibu hata usiuone. Siku moja nilipima kabla na baada ya kuufuta kwa kitambaa laini chenye maji baridi yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa na kupoa: 225 ikawa 265. Watu hununua taa mpya kwa sababu ya uchafu. Upande wa juu nao una mapezi ya chuma na feni za kupoza. LED haipashi maji joto kama zile balbu za metali halidi za wati 250, lakini joto lake liko mgongoni, na vumbi likiziba feni, vidude vyenyewe huzeeka haraka. Waya wa taa uache ulegee chini ya usawa wa soketi ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi ndani, na soketi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja. Maji ya chumvi hayana mzaha.

Nimalizie na picha iliyoambatana na makala. Ilionyesha matumbawe ya kijani na machungwa yanayowaka kama makaa, chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni dalili ya afya. Hapa ufundi wangu unarudi. Wale wafanyakazi wa barabarani wenye vizibao vya rangi kali: kitambaa kile hunyonya buluu na kuirudisha kama njano au kijani, ndiyo maana kinaonekana kuwaka kuliko vitu vinavyokizunguka. Shati jeupe jipya hufanya hivyo hivyo chini ya taa ya urujuani, kwa sababu ya dawa inayotiwa kitambaani. Tumbawe lina protini za kazi hiyo, jamaa wa ile protini ya kijani ya kiwavi cha baharini, yaani konyeza, iliyowapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Tumbawe linalopoteza mwani wake laweza kuwaka vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa ile kahawia iliyokuwa ikififisha rangi imeondoka. Acropora yangu ilipendeza mno wiki ile ya pili. Niliipiga picha nikawatumia watu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wa safu akirudi kwenye mada hii, na nina hakika atarudi maana inapendwa, picha ipigwe buluu ikiwa imepunguzwa na nyeupe imewashwa, tuone kahawia ilipo na isipokuwepo. Na pale kwenye saa 12 kwa nguvu zote, tafadhali chapisheni masahihisho kabla watu hawajaenda kununua.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wa kila wiki