Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya chama chetu cha wapenzi wa futiboli ya Marekani hapa Columbus, Ohio, kwa mwaka 2025. Shughuli za kawaida mnazijua na wengi mlishiriki, kwa hiyo sitazirudia kwa urefu. Tulikutana kutazama mechi za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, safari ya kutembelea Ukumbi wa Heshima wa futiboli mjini Canton ilifanyika mwezi Agosti, darasa la kanuni za mchezo kwa ndugu waliohamia karibuni kutoka Kigoma, Bukavu, Mombasa na Bujumbura liliendelea, na rambirambi za misiba miwili zilikusanywa na kufikishwa kwa wahusika. Katibu anayo orodha kamili.

Upande wa fedha, tumeandikisha wanachama 84. Waliolipa ada yote ya dola 60 ni 31, waliolipa sehemu ni 19, na 34 hawajalipa chochote. Mapato yalikuwa dola 3,080, zikiwemo dola 700 za michango ya hiari. Matumizi yalikuwa dola 2,910: ukumbi dola 800, mashine ya kushtua moyo dola 1,350, mikanda na vitambaa vya kiunoni dola 360, na chakula dola 400. Zimebaki dola 170. Ninasema kwa uchungu kwamba chama chenye watu 84 hakipaswi kufunga mwaka na dola 170 benki, na sioni namna ambavyo kamati inaweza kulaumiwa kwa kutonunua vifaa zaidi wakati wanaodai vifaa hivyo ndio wanaodaiwa ada.

Sasa nije kwenye jambo lililotawala mazungumzo ya mwaka mzima, nalo ni uamuzi wa mwezi Mei. Mtakumbuka kwamba tangu chama kianzishwe tumecheza mechi yetu ya Sikukuu ya Shukrani kwa kukabana na kuangushana, tukifuata mfano wa Detroit, timu iliyoanza kualika wageni uwanjani kwake siku hiyo mwaka 1934. Mkutano wa Mei uliamua kwamba mechi hiyo ichezwe kwa vitambaa, ambapo mwenye mpira anasimamishwa kwa kuchomolewa kitambaa cha kiunoni, na kwamba mazoezi ya kuangushana kwa watoto wa chini ya miaka 14 yasimame. Walihudhuria wanachama 22, akidi yetu ni 20, kura za kuunga mkono zilikuwa 15 na za kupinga 7. Uamuzi ule ulikuwa halali. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa nimesoma katika kundi letu la WhatsApp kwamba mwenyekiti ameua mila, kwamba ameamua peke yake, na kwamba anataka kuugeuza mchezo wa wanaume kuwa rede. Wengi walioandika hayo walipewa taarifa ya mkutano wiki tatu kabla na hawakufika.

Hoja ya mila ninaiheshimu, na kwa sababu ninaiheshimu nitaijibu kwa ukamilifu. Mchezo huu haujawahi kuwa na umbo moja lisiloguswa. Mwaka 1905 wachezaji wasiopungua 18 walifariki nchini, wengi wao vijana wa shule na vyuo, hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikaruhusiwa, kwa nia ya kuwatawanya wachezaji waliokuwa wakirundikana na kupondana katikati ya uwanja. Pasi hiyo, ambayo leo kila mmoja wetu huiona kuwa ndiyo roho ya futiboli, iliingia kama hatua ya usalama. Katika NFL, helmeti ikawa lazima mwaka 1943. Kumpiga mpinzani kofi la kichwa, silaha aliyosifika nayo mlinzi Deacon Jones, kulipigwa marufuku mwaka 1977. Kumvuta mtu kwa ukosi wa nyuma kulikatazwa mwaka 2005, baada ya mchezaji Terrell Owens kuvunjwa mguu msimu wa kabla yake. Kila mara palikuwa na watu waliosema mchezo umekwisha, na kila mara uliendelea kujaza viwanja.

Mfano ulionishawishi zaidi ni mkwaju wa kuanzisha mchezo, ambapo timu moja inaupiga mpira mbali na nyingine inaudaka na kuurejesha kwa kukimbia nao. Kwa mtindo wa zamani, wachezaji kumi walitimua mbio kwa kasi yote, wakakutana na wapinzani waliokuwa wakija upande wao, na migongano yake ilikuwa miongoni mwa ile mikali kuliko yote uwanjani. Ligi ilijaribu kupunguza hatari kwa kuwashawishi wachezaji wasirejeshe mpira: mwaka 2011 mpigaji alisogezwa mbele hadi yadi ya 35 kutoka mstari wa mwisho wa timu yake, na mwaka 2016 timu iliyouacha mpira ufie eneo lake la mwisho ikapewa kuanzia mbele zaidi, yadi ya 25. Matokeo yake ni kwamba mkwaju ulibaki jina tu. Katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Februari 2024 hakuna hata mkwaju mmoja wa kuanzisha uliorejeshwa. Hapo wahafidhina walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu usalama ulipatikana kwa kuliondoa tendo lenyewe.

Mwezi mmoja na nusu baadaye wamiliki wa timu walipitisha mfumo mpya kwa kura 29 dhidi ya 3. Mpigaji anabaki yadi yake ya 35, lakini wenzake kumi wanajipanga mbele kabisa, kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, wakitazamana kwa karibu na walinzi wa upande wa pili, na hakuna kati yao anayeruhusiwa kusogea mpaka mpira uguse ardhi au uguswe na mpokeaji. Mbio ndefu zimeondoka, lakini mtu bado anaupokea mpira na kukimbia nao. Mwaka 2023 kurejesha mkwaju kulikuwa kumeshuka kuliko wakati wowote. Kulipanda mwaka 2024, na kukapanda tena sana msimu huu baada ya ligi kuamua kwamba mpira ukifia eneo la mwisho wapokeaji waanzie yadi ya 35, ili wapigaji wasiupeleke huko makusudi. Matukio ya mtikisiko wa ubongo katika ligi nzima yalipungua kutoka 219 mwaka 2023 hadi 182 mwaka 2024, idadi ndogo kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze mwaka 2015. Sidai kwamba mkwaju peke yake ndio ulioleta upungufu huo. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyofikiriwa vizuri iliirudisha mila iliyokuwa inakufa, na hilo ndilo nililokuwa ninawaeleza wazee wetu tangu Machi 2024, wakati wengine wakicheka.

Ninakiri kwamba si kila kanuni ya usalama inafanana na hiyo kwa ubora. Mwaka huohuo ligi ilipiga marufuku ukabaji ambapo mlinzi anamkumbatia mbebaji kwa nyuma au ubavuni, anazungusha nyonga, kisha anajiachia ili uzito wake wote uangukie kifundo cha mguu au goti la mwenzake. Mark Andrews wa Baltimore aliumia kifundo kwa namna hiyo mwezi Novemba 2023. Chama cha wachezaji chenyewe kilipinga marufuku hiyo, kikisema mwamuzi hawezi kuitambua kwa haki ndani ya sekunde moja, nami naona hoja yao ina uzito. Vilevile pendekezo la timu ya Green Bay la kukataza kumsukuma kwa nyuma kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, mbinu iliyoipa Philadelphia ushindi mwingi, lilipata kura 22 mwezi Mei mwaka huu wakati zilihitajika 24, likaanguka. Huko sikuona ushahidi wa kutosha wa majeraha, na nilisema hivyo hadharani. Anayedai kwamba mwenyekiti wenu anashabikia kila katazo hajanisikiliza.

Lakini ubongo ni jambo jingine. Mike Webster wa Pittsburgh, bingwa wa Super Bowl mara nne, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, na aliyeukagua ubongo wake akaona CTE, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, ni Dkt. Bennet Omalu, Mwafrika mwenzetu kutoka Nigeria, ambaye utafiti wake ulipochapishwa mwaka 2005 ulipingwa vikali na madaktari wa ligi. Afisa wa NFL alikubali mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba uhusiano upo mwaka 2016 tu. Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza mwaka 2023 kwamba kiliuona ugonjwa huo katika bongo 345 kati ya 376 za wachezaji wa zamani wa NFL kilizozichunguza. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa zimeshaona dalili, kwa hiyo idadi hiyo haimaanishi kwamba karibu kila mchezaji anao. Hata hivyo, hakuna mzazi anayeweza kuisoma akalala kwa amani.

Na hapa ndipo wanaopinga uamuzi wa Mei hawajanijibu. Ugonjwa huu hautokani na pigo moja kubwa peke yake. Unahusishwa na wingi wa mapigo, hata madogo yasiyomwangusha mtu, yanayorundikana miaka kwa miaka. Ndiyo maana mkataba wa mwaka 2011 kati ya NFL na wachezaji ulipunguza mazoezi ya kugongana kikamilifu wakati wa msimu hadi 14 tu. Wataalamu wanaolipwa mamilioni, wenye madaktari pembeni ya uwanja, wameamua kutogongana ovyo mazoezini, ilhali sisi tulikuwa tukiwagonganisha watoto wa miaka kumi kila Jumamosi kwa helmeti za kuazima. Nani hapo alikuwa anafuata mfano wa NFL?

Mwaka juzi, katika mazoezi yetu, mtoto mmoja aligongana na mwenzake kichwa kwa kichwa, akasimama mwenyewe na kutembea hadi kwenye benchi. Nilikaa naye. Aliniuliza matokeo ni ngapi kwa ngapi, nikamwambia. Akanywa maji, akafunga chupa, akaniuliza tena kwa maneno yaleyale, kisha akauliza mara ya tatu huku kifuniko bado kiko mkononi. Sheria ya Ohio inataka mtoto anayeonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani, asirudi siku hiyo, na asirudi kabisa bila idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Wazazi wawili walinisihi nimrudishe kwa sababu timu ilikuwa pungufu. Nilikataa, na nitakataa siku zote.

Kuhusu mashine ya kushtua moyo, ambayo wengine wameiita anasa ya mwenyekiti, nitasema kwa kifupi. Tarehe 2 Januari 2023 Damar Hamlin wa Buffalo alianguka uwanjani Cincinnati na moyo wake ukasimama. Ukabaji ule ulikuwa wa kawaida na haukuvunja kanuni yoyote. Kilichomwokoa ni watu waliojua la kufanya na mashine kuwa karibu. Kitambaa cha kiunoni hakizuii tukio la namna hiyo, na kwa sababu hiyo nilisimamia ununuzi huo mwenyewe, nikalinganisha bei kwa maduka manne, na wanachama tisa wamefunzwa kuitumia. Nafasi za mafunzo zilikuwa ishirini.

Wapo wanaosema wamiliki wa timu nao ni wanafiki, wanahubiri usalama huku wakiongeza mechi ya 17 tangu 2021 na kuwachezesha watu Alhamisi baada ya Jumapili. Nakubaliana nao kabisa. Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Miami, alionekana akipepesuka Jumapili moja ya Septemba 2022, akapangwa tena Alhamisi iliyofuata, na akatolewa kwa machela. Siku chache baadaye ligi na chama cha wachezaji walibadilisha utaratibu, kwamba anayepepesuka hivyo harudi mchezoni. Lakini kosa la matajiri haliwezi kuwa kisingizio chetu. Wao wana biashara ya kulinda, sisi tuna watoto wetu.

Mechi ya vitambaa ilichezwa mwezi Novemba. Walijitokeza wachezaji 26, wakiwemo kina dada saba ambao hawakuwahi kucheza awali, na hakuna aliyepelekwa hospitali. Mashabiki walikuwa wachache kuliko mwaka jana. Nina hakika baridi ilichangia, na pia kususia kwa baadhi yetu. Niwakumbushe kwamba mchezo huohuo wa vitambaa utakuwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, na wamiliki wa NFL walikubali Mei mwaka huu, bila kura hata moja ya kupinga, kwamba wachezaji wao waruhusiwe kushiriki.

Kwa mwaka 2026 kamati inakusudia kuimarisha mafunzo ya waamuzi, kutafuta uwanja wenye nyasi nzuri zaidi, na, fedha zikiruhusu, kuanzisha mashindano madogo na jumuiya nyingine za Waafrika katika jimbo hili. Tunatarajia pia kuwasiliana na ndugu zetu wa Cleveland na Cincinnati. Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, kamati iko tayari kusikiliza mapendekezo ya maandishi kuhusu mazoezi ya kuangushana kwa kiwango kilichopunguzwa, mradi yaletwe mkutanoni na wenye ada zilizolipwa, kama katiba inavyotaka. Mweka hazina atakuwa mlangoni mara baada ya mkutano huu kupokea malimbikizo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti