Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Tabora: ile saini uliyoifunika kwa kidole

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimefika Kigoma salama, na watoto wote wazima. Nimekuta mbalamwezi, mitumbwi imelala Kibirizi, na dagaa wamepanda bei kama kawaida yao mwezi unapokuwa mpevu. Nakuandikia jambo nililolimeza pale nyumbani kwako Isevya siku ya Idi. Wewe ni mjomba, mimi nilikuwa mgeni, na watoto walikuwa wamekaa miguuni pako wakikusikiliza. Haukuwa wakati wa kubishana. Naliandika hadharani kwa kuwa najua nyumba nyingi zina ugomvi huu huu, na wazee wake wanazeeka bila mtu wa kuwajibu kwa heshima.

Uliwatolea watoto ile noti ya kijani ya shilingi kumi, ya toleo la 1966. Ukawaonyesha picha ya Mwalimu. Ukawaonyesha saini ya Waziri wa Fedha. Ulipofika kwenye saini ya pili, ya Gavana, ukaifunika kwa kidole gumba ukasema, "Huyu alitaka kutuuza." Mwanangu wa pili akauliza jina lake. Hukumtajia.

Anaitwa Edwin Mtei, mjomba.

Alizaliwa Marangu mwaka 1932, utotoni alichunga mbuzi, akasoma hadi Makerere. Benki Kuu ilipofunguliwa Juni 1966 yeye ndiye aliyekuwa gavana wake wa kwanza, na shilingi yetu ilizaliwa mikononi mwake. Benki zilipotaifishwa Februari 1967, alikuwa bado kwenye kiti hicho, akahakikisha milango ya benki inafunguliwa na watu wanapata fedha zao. Mwaka 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ile ile iliyokuwa na reli uliyoifanyia kazi. Ilipovunjika 1977, Mwalimu akamfanya Waziri wa Fedha. Wewe ulimjua Mwalimu kuliko mimi. Je, alikuwa mtu wa kumkabidhi funguo za hazina mtu asiyemjua?

Sasa tufike 1979, maana hapo ndipo mlipoachana naye.

Sababu unazotaja kila mara ni za kweli na sikupingi hata moja. Amin alituvamia Oktoba 1978 na vita vikala fedha za kigeni zote tulizokuwa nazo. Mafuta yalipanda bei. Jumuiya ilikuwa imekufa, ikabidi tuanze upya reli, ndege na posta. Neema ya kahawa ya 1977 ilikuwa imepita, na fedha zake zimeshatumika. Nchi ikaenda IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kukopa, na IMF ikaja na masharti: shilingi ipunguzwe thamani, mishahara isipande, bei zisipangwe na serikali, matumizi yakatwe. Mtei aliona sharti la shilingi ni la lazima hata IMF isingekuwepo. Mwalimu alikataa. Mwaka haujaisha, Mtei akajiuzulu. Januari 1980 Mwalimu akawaambia mabalozi maneno ambayo wewe unayajua kwa moyo, akiuliza ni lini IMF imegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia.

Hata mimi nikiyasoma maneno yale yananisisimua. Lakini swali la Mwalimu lilihusu nani mwenye haki ya kupanga bei ya shilingi yetu. La Mtei lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: bei iliyoandikwa ni ya kweli?

Wewe unakaa Tabora, kwa hiyo nichukue tumbaku. Mwaka ule dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti. Tuseme mkulima wa Urambo tumbaku yake imeuzwa nje kwa dola 100. Anahesabiwa shilingi mia nane na ushei, na kabla hajazishika, mamlaka ya zao inakata chake. Anaingia dukani kutafuta jembe, hakuna. Likionekana, linatoka kwa mlanguzi, na mlanguzi hahesabu dola kwa shilingi 8. Yaani mkulima anauza kwa dola ya serikali na ananunua kwa dola ya uchochoroni. Ile tofauti katikati iliingia kwa nani? Kwa mwenye kibali. Aliyepewa kibali cha kuagiza alipata dola kwa bei ya bure, na kila kitu alichoingiza kilikuwa dhahabu. Mjomba, siku zote umewachukia watu wale kwa haki. Ninachokuomba uone ni kwamba walizaliwa na ile bei uliyoitetea.

Watu humwita Mtei mhafidhina, mtu wa mrengo wa kulia, na kwako neno hilo ni kama tusi. Mimi naliona neno lenyewe limebeba kuhifadhi. Aliamini kwamba mtu akifanya kazi, mali yake iwe yake. Kwamba serikali isijifanye muuza sukari. Na kwamba fedha ni ahadi ya serikali kwa raia, isichezewe hata kwa nia njema. Hayo bibi yetu aliyajua bila kwenda Makerere. Hakukopesha asichonacho, wala hakukubali mtu ampangie bei ya mawese aliyoyachemsha mwenyewe.

Na sisi wa ziwani tuliujua ukweli wa shilingi kabla ya wasomi. Marehemu mama, dada yako, alikuwa akipeleka dagaa kwa watu wa maboti ya Burundi na Zaire. Hawakutaka shilingi. Ukiwalazimisha waipokee, waliihesabu kwa bei yao, na bei hiyo haikufanana hata kidogo na ya benki. Kwa hiyo mama alibadilishana: gunia la dagaa kwa sabuni na vitenge. Huku kwetu foleni ya sabuni ilianza alfajiri, na sabuni ikawa inakatwa vipande kwa uzi.

Halafu ikaja Machi 1983, msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Usiku ule mama alizamisha katoni mbili za sabuni ziwani. Nilikuwa mdogo, nilibeba taa. Nakumbuka alivyokuwa akilia bila sauti, na asubuhi maji ya ufukweni yalikuwa na povu. Watu waliokuja kupekua walikuta nyumba tupu, wakaondoka na vitenge vyake viwili, alivyokuwa akivivaa mwenyewe.

Nani aliyekuwa akimpelekea sabuni ile Tabora, mjomba? Ni wewe. Uliipakia kwenye treni ukiwa na sare ya reli, ukaiuza kwa bei ambayo watu walikuwa tayari kuitoa, ukamrudishia mama fedha zake zote bila kukata hata senti. Kwa fedha hizo nilinunuliwa sare na madaftari. Siandiki haya kukuaibisha. Ulikuwa unailisha familia ya dada yako, na sijawahi kukuona mhujumu hata siku moja. Nataka tu ukubali kwamba katoni zile ulizipakia kwa kuijua bei ya kweli ya sabuni, na aliyesema bei hiyo isemwe mchana kweupe ndiye huyu unayemfunika kwa kidole.

Kuna jambo jingine nimelifikiria njia nzima kwenye treni, tangu Urambo hadi Uvinza. Wewe unajivunia kwamba Tabora ndiyo iliyofanya Uamuzi wa Busara, Januari 1958. Waingereza walikuwa wameweka kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena kwa sharti la elimu au kipato ambalo Waafrika wengi wasingelifikia. Lilikuwa tusi. Wajumbe wengi wa TANU walikuja Tabora wakitaka kususia. Mwalimu akasimama akawashawishi walimeze, waingie kwenye uchaguzi ule ule wa dharau, washinde ndani yake. Walimeza na wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake, na historia haikumwita msaliti kwa kutoka.

Basi kwa nini Tabora ya 1958 iwe busara, na kilichopendekezwa 1979 kiwe usaliti? Kote kuwili mgeni ameweka masharti ya kuudhi, na kote kuwili swali ni kama unaweza kupita ndani ya sharti ukatoka na chako. Mwalimu wa 1958 angemsikiliza Mtei, hilo naliamini. Miaka saba baadaye tulimeza kile kile. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, tukasaini na IMF, na kabla mwaka haujaisha dola ilikuwa imepita shilingi 40. Leo imepita 2,000. Dawa ambayo ingenywewa kwa kijiko ikaja kunywewa kwa ndoo, na mgonjwa amekwisha dhoofu.

Najua iliyokuumiza ndiyo ile ndoo. Fedha ulizokuwa umeweka kwenye kitabu cha benki ili uezeke nyumba, ulipokwenda kuzitoa hazikutosha bati za jikoni. Nimekuona ukikishika kile kitabu. Hasira yako ina haki. Ninachosema ni kwamba umeielekeza kwa mtu aliyetoa onyo, wakati fedha zako zililiwa na ile miaka saba ya kungoja.

Na mimi simfuati Mtei kila anapokwenda. Soko peke yake lisingetufikia Kigoma. Miaka mingi tumekaa na umeme wa majenereta na barabara ya vumbi, na hakuna tajiri aliyeona faida ya kutujengea. Daraja la Malagarasi limejengwa na serikali kwa mkopo wa Korea Kusini. Bila serikali dagaa wetu wangeendelea kuoza njiani, na mtu akiniambia mkono wa serikali ukae mbali na kila kitu, nampeleka Malagarasi akasimame pale darajani. Hapo nipo upande wako, na nitabaki huko.

Mtei alianzisha CHADEMA mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, na mwaka 1995 Kigoma Mjini ikamchagua Dk. Aman Walid Kabourou wa chama hicho. Ulituandikia barua ya hasira. Mama aliisoma, akaikunja, akasema, "Kaka yangu hajalala kwenye foleni ya sabuni." Sikukuambia maneno hayo mpaka leo.

Lakini kinachonifanya nimheshimu si chama. Alikuwa waziri katika zama ambazo kutofautiana na Mwalimu kulikuwa kazi nzito. Angeweza kunyamaza akabaki na gari na nyumba. Angeweza kukubali mezani akapinga vichochoroni, kama wengi walivyofanya. Alisema anachoamini, kilipokataliwa akaandika barua ya kujiuzulu, akaenda kulima kahawa. Utaniambia baadaye alikwenda Washington kukaa kwenye bodi ya IMF. Ni kweli, alikaa pale akiziwakilisha nchi za Afrika, na alikwenda baada ya kuacha cheo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asiyekubaliana na amri aseme mbele ya mkubwa wake, na ikishindikana avue sare. Nilikuwa darasa la tano. Ulinishika bega pale stesheni ya Tabora wakati wa kubadilisha treni, ukaniambia hivyo.

Dola zilipoadimika mwaka 2023, hapa Mwanga nilisikia vijana wakisema serikali ipange tu bei ya dola, mambo yaishe. Niliogopa, mjomba. Vijana wale hawajawahi kuona sabuni ikikatwa kwa uzi, na hakuna aliyewasimulia. Waliobaki wa kusimulia ni ninyi, na ninyi mnafunika saini kwa kidole.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao, mbalamwezi ikiwa imepita. Nitakuletea dumu la mawese mapya na migebuka ya kukausha, na mwanangu wa pili nitakuja naye. Amekwisha kuniuliza mara tatu kama babu bado ana ile noti.