Blondi Imegeuka Uji, Eti Oti Yetu Ndiyo Mbaya

Simu ile ile tena wiki hii kwenye duka letu la vitu vya kupika bia nyumbani: "Mulituuzia oti imeoza, bia haichujiki, iko kama uji, murudishe pesa." Ni papa mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, alikuwa anatayarisha blondi, bia ya rangi hafifu, ya komunyo ya mtoto. Tukamuuliza, papa, ulifanya namna gani? Kumbe alinunua malti ya unga, ile ya kuyeyusha tu, akaona malti ya nafaka, yaani punje zilizochipushwa zikakaushwa, ni kutupa pesa bure, basi kilo nzima ya oti akaimwaga kwenye sufuria inayotokota pamoja na hubloni, yale maua ya kuipa bia uchungu, akakoroga. Hapo oti imeoza wapi?

Wamama wa Katuba wanaopika munkoyo, kinywaji cha mahindi, ukiwaeleza hii hawaulizi mara mbili. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, ndipo unatia mizizi, na uji mzito unalegea wenyewe na kuwa mtamu, sababu mizizi iko na vimeng'enya vya kukata wanga. Tia mizizi kwenye uji unaochemka uone kama italegea! Sasa oti iko na wanga mwingi lakini haina cha kuukata. Kazi hiyo inafanywa na malti ya nafaka, na ile ya unga haiwezi, vimeng'enya vyake viliisha kufa na moto kule kiwandani.

Kwa litre 20 za blondi nusu kilo ya oti inatosha kabisa. Rangi haibadiliki, bia inakuwa laini mdomoni, ukungu kidogo utabaki na hiyo si kosa. Ukitumia malti ya unga, chukua nusu kilo ya oti na nusu kilo ya malti ya nafaka iliyopondwa, weka kwenye mfuko wa kitambaa, litre 3 za maji, joto digrii 67, ondoa sufuria kwenye moto wa makala, ifunge na blanketi, subiri dakika 45 mpaka saa nzima. Na tafadhali termometa, si kidole, ukipita 75 unaua vimeng'enya.

Kisha chukua tone moja, weka kwenye sahani nyeupe, dondoshea iyodi ya famasi. Ikigeuka bluu-nyeusi wanga bado uko, rudisha blanketi. Ikibaki rangi ya iyodi yenyewe, endelea, lile tone umwage.

Papa yetu hakupima chochote, akatia kwenye chupa hivyo hivyo, wanga uliobaki ukawa chakula cha vijidudu, bia ikachacha, chupa zinafunguka kama fanta iliyotikiswa. Litre 20, malti, hubloni, levire (hamira ya bia), vyote chini, wakati ile nusu kilo ya malti ya nafaka aliyoikataa haifiki bei ya kreti moja ya bia. Pesa hatukurudisha.

Mnasema tuko bei. Oti ya supamaketi iko nafuu kuliko yetu, ni kweli, nunua huko, hatukasiriki, mradi iwe ya vipande bapa, tupu. Si ya vanila na maziwa! Kijana mmoja wa Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, alituletea chupa ya blondi yake, ukimimina povu linakufa kabla glasi haijajaa, tulipoomba atuonyeshe pakiti tukakuta imeandikwa sukari, chumvi, maziwa ya unga. Mafuta ya maziwa na povu havikai nyumba moja. Na oti ya punje nzima lazima uipike kwanza, ya vipande imeishapitishwa kwenye mvuke.

Kwetu unalipa malti iliyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikalipiwa duane (ushuru), inapondwa siku ile unayoichukua, maana iliyopondwa ikakaa wiki nyingi inavuta unyevu na kupoteza harufu, na hatupimi kitu mbele ya kukuuliza unapika nini. Kwa hiyo ukija kuchukua oti na malti ya unga peke yake utaulizwa, ndugu yetu usikasirike. Tunaponda Ijumaa na Jumamosi asubuhi, leta ndoo kavu yenye mfuniko.