Barua kwa mwanangu: ule mkopo usiuchukue

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na ng'ombe kazaa, nitafika huko. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanijibu "amina mama" halafu unakata, na niliyonayo leo hayaishi kwa amina. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Nimemkataza kuisoma, kwa hiyo ujue ameshaisoma.

Nasikia unataka kuchukua mkopo wa kazini, wote, ukaupeleke madhabahuni kwa huyo mnayemwita nabii. Usiuchukue. Kama fomu umeshaijaza, ifuate uirudishe. Wakikuuliza sababu waambie mama yako anaumwa, maana kichwa kinanigonga tangu nilipopata habari hiyo.

Sikuzuii kusali. Ninachoshangaa ni kwamba kila ujumbe wako siku hizi una mstari wa Agano la Kale, na mstari wenyewe umekatiwa palepale panapomfaa mwenye kapu la sadaka. Mimi nimefundisha dini mpaka nikastaafu. Hao manabii nawajua, na hakuna hata mmoja aliyepokea malipo kwa namba ya simu.

Chukua Samweli. Alipozeeka aliwasimamisha Israeli wote, akawauliza mbele ya mfalme: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimepokea rushwa kwa nani nikajipofusha macho? Wakajibu hakuna. Mwombe huyo wako asimame Jumapili aulize swali hilo, tusikie. Na usinijibu kwamba Sauli alipotafuta punda wa baba yake, mtumishi wake alikuwa na robo shekeli ya fedha ya kumpa mwonaji. Najua, ipo pale Samweli wa Kwanza sura ya 9. Endelea kusoma lakini. Waliofika kwa Samweli walikalishwa mahali pa heshima, mpishi akaagizwa, na Sauli akawekewa paja zima la nyama. Wewe ulipokwenda huko ulipewa chai?

Halafu Elisha. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuja na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Akapona ukoma katika mto Yordani. Akambembeleza Elisha apokee zawadi, Elisha akaapa kwa Bwana kwamba hapokei kitu. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyeona hasara. Akamkimbilia Naamani njiani, akadanganya kwamba bwana wake amepata wageni, akaondoka na talanta mbili na mavazi mawili. Ukoma wa Naamani ukamhamia yeye na uzao wake. Sura ya 5 ya Wafalme wa Pili. Hiyo hawajawahubirieni, au wamehubiri wakaishia mtoni?

Wewe ni mhasibu. Katika ukoo wetu wote ndiye wa kwanza kukaa ofisini ukikagua vitabu vya watu, na mimi hilo nalisema hata pasipo mtu kuniuliza, shangazi yako ameshachoka kulisikia. Sasa nikuulize kama mhasibu: risiti iko wapi? Musa alipochangisha kwa ajili ya hema la kukutania, watu walileta kila asubuhi mpaka mafundi wakaacha kazi wakaenda kumwambia vimezidi. Akatangaza kambini mtu yeyote asilete tena. Soma Kutoka 36. Sura mbili mbele utakuta hesabu zenyewe: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, fedha talanta 100 na shekeli 1,775, na aliyesimamia hesabu ametajwa kwa jina, Ithamari mwana wa Haruni. Tena wakati wa mfalme Yoashi, mwaka wake wa 23, ilionekana makuhani wanapokea fedha za ukarabati wa hekalu na ukarabati hawafanyi. Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja, maseremala na waashi wanalipwa. Huo ni ukaguzi, baba. Kazi yako wewe hasa, na imo ndani ya Biblia. Ofisini kwako mtu akileta matumizi bila hati unamrudisha. Huko unafumba macho unasema unapanda mbegu.

Umeniandikia kuhusu mjane wa Sarepta, kwamba Eliya alimwambia amtengenezee yeye kwanza. Nilijua utaleta huyo, ndiye wanayemtumia sana. Mjane yule alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo chupani. Eliya naye alikuwa na nini? Ametoroka, mvua hakuna, kunguru wamemlisha mpaka kijito kimekauka. Ameomba mkate mdogo na maji, kisha akahamia kwa huyo mama, wakala unga uleule siku zote za njaa. Mtoto wa mjane alipokufa, Eliya alimbeba mwenyewe mpaka chumba cha juu, akamlaza kitandani kwake, akamlilia Mungu. Njaa yao ilikuwa moja. Huyo wenu siku unaposhindwa kodi ya nyumba anakuja kulala kwako?

Na Malaki sura ya 3, ile ya kuleta zaka kamili ghalani. Ghala ni la chakula, na kitabu hichohicho kinaanza kwa kuwakemea makuhani wanaotoa wanyama vipofu na vilema madhabahuni. Mistari michache kabla ya zaka, Mungu anatangaza kuwahukumu wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na mjane, na yatima. Fungua pia Kumbukumbu la Torati 14. Zaka ya nafaka, divai na mafuta mtu aliila mwenyewe na watu wa nyumba yake mbele za Bwana. Kila mwaka wa tatu ilibaki malangoni kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kama unatafuta mjane, mmoja unamfahamu. Bati za jikoni kwake zinavuja.

Najua utasema huyo anatabiri na yanatimia. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii 400, wote walimwambia panda Ramoth-gileadi ukapigane, utashinda. Mmoja wao, Sedekia, alijitengenezea pembe za chuma kuonyesha ushindi utakavyokuwa. Alikuwepo Mikaya mwana wa Imla, ambaye Ahabu alikiri kumchukia kwa kuwa hamtabirii mema. Mjumbe akamshauri njiani aseme kama wenzake. Mikaya akasema kushindwa. Akapigwa kofi, akatiwa gerezani kwa mkate wa shida na maji ya shida, na Ahabu akafa kwa mshale uliorushwa bila kulengwa. Sasa hesabu mwenyewe mara ngapi umetoka kwenye ibada hizo umeambiwa jambo usilolipenda kusikia. Nathani alimwendea Daudi, mfalme mwenye jeshi, akamwambia wewe ndiye mtu huyo, kwa habari ya mke wa Uria. Amosi alipofukuzwa Betheli na kuhani Amazia, kwamba aende Yuda akale mkate wake huko, alijibu kwamba yeye ni mchungaji na mtunza mikuyu. Alikuwa na kazi yake.

Nilisema sitaligusa hili lakini nitaligusa. Krismasi hukuja. Mchaga, mwenye kazi, mwenye nauli, Krismasi yuko Dar es Salaam! Ulituma sababu ya foleni za kazi. Mdogo wako amenieleza sababu ya pili, kwamba umeambiwa kuna laana ya ukoo na imefungiwa kihambani, shambani kwetu kwa ukoo, na anayeishika ni mwanamke mzee. Mwanamke mzee wa hapa ni nani, mwanangu? Tupo mimi na shangazi yako, basi.

Ezekieli alikuwa na wenzake uhamishoni Babeli, karibu na mto Kebari, watu waliopoteza kila kitu na wakasema wanalipia madhambi ya wazee wao. Walikuwa na msemo wao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akawapiga marufuku kuutumia tena. Sura ya 18 yote ni hiyo: roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ile ya kizazi cha tatu na cha nne ipo kwenye amri kumi, siifichi, na inawataja wanaomchukia Mungu. Babu yako alikuwa mkali na mpenda pombe ya mbege, ila hayo mengine ni kumsingizia.

Hapa Moshi tuna haki ya kuogopa. Februari 2020 watu 20 walikufa Uwanja wa Majengo wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Walitoka nyumbani asubuhi wakiwa wazima. Wala usidhani nawacheka. Kwenye kabati la marehemu baba yako, nyuma ya dawa zake za presha, ipo chupa ya mafuta ya namna hiyo, imebaki nusu, na aliyeiweka si yeye.

Ninachohofia hasa ni kwamba mkopo ukiisha watataka kihamba. Kwa hiyo soma Yeremia 32. Wababeli wameuzunguka Yerusalemu, yeye mwenyewe amefungwa ndani ya uwanda wa walinzi, na anajua mji utaanguka. Anakuja binamu yake Hanameli anamwambia nunua shamba langu la Anathothi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, zake mwenyewe, mbele ya mashahidi, anatia hati muhuri, Baruku anaziweka kwenye chombo cha udongo zidumu. Nabii ananunua shamba la ukoo. Karatasi zetu nimezihamisha zilipokuwa, usiulize ziko wapi.

Ule mkopo, nakuuliza tena, umeshausaini? Nijibu hilo kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Ndama ni jike. Maziwa tutaanza kupeleka wiki ijayo, maana jirani anadai nimemsahau. Zamu yetu ya mfereji imesogezwa usiku, na mdogo wako analalamika kushika jembe gizani, ila analima. Ada yake ya muhula imebaki nusu. Fundi ametazama paa la jikoni akasema bati za pale mlangoni zinafaa bado, zibadilishwe za upande wa jiko tu, na bei yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kahawa bado haijakauka vizuri, ikikauka nitakupa kilo chache ukija. Uje Pasaka. Basi la asubuhi lina nafasi ukikata tiketi mapema, na shangazi yako amesema atakupokea stendi mwenyewe ili umwone mchana kweupe.

Mama yako