Kwa mpwa wangu anayeingia chuo: usimpe mtu nywila yako

Mpwa wangu,

Hongera tena kwa kupata chuo. Wiki ya kwanza tu utapewa namba ya usajili, barua pepe ya chuo, na nywila ya kuingilia Wi-Fi na mfumo wa matokeo. Utasainishwa pia fomu ya matumizi ya TEHAMA, na najua utaisaini bila kuisoma, kama wenzako wote. Kilichomo ndani yake kwa ufupi ni hiki: kinachofanyika kwa akaunti yako kimefanywa na wewe, mpaka uoneshe vinginevyo. Si lazima uwe mdukuzi ndipo uitwe kamati ya nidhamu. Kumwazima rafiki nywila kunatosha.

Hebu tufuate njia yenyewe. Mtu ametumia Wi-Fi ya chuo kushambulia tovuti ya watu. Malalamiko yanakuja chuoni na vitu vitatu: anwani ya IP (namba ya kutambulisha mtandao uliotumika), namba ya poti (inayotofautisha muunganisho mmoja na mwingine) na saa. Anwani hiyo ya nje inatumiwa na watu maelfu kwa wakati mmoja, ndiyo maana wengi hudhani wamepotea katika umati. Lakini kifaa kinachobadilisha anwani za ndani kuwa za nje, kikiwekwa sawasawa, huandika kila muunganisho. Ukikipa saa na poti, kinakupa anwani ya ndani, tuseme 10.20.14.87. Seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za ndani, nayo inajua saa hiyo anwani ile ilikuwa kwa kifaa gani. Seva ya uthibitishaji, ile uliyoiandikia jina na nywila ulipojiunga na eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo), inajua kifaa hicho kiliingia kwa akaunti ya nani na katika jengo lipi. Kumbukumbu zikiwa zimetunzwa vizuri, hiyo si kazi ya kutwa nzima.

Dirisha la faragha la kivinjari halikusaidii hapo, linafuta historia kwenye simu yako tu. VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kwa siri, inaficha unakokwenda, lakini haifichi kwamba ni wewe, uliingia saa ngapi na umetumia gigabaiti ngapi. Simu za siku hizi hubadilisha anwani ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa chenyewe) zenyewe, sawa, ila nywila uliyoandika ni ile ile.

Kitu kimoja kinachoponza wasio na hatia ni saa. Malalamiko ya kutoka nje mara nyingi huja kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Asiye makini akisoma 14:05 kama saa yetu, anamkamata aliyekuwa na anwani hiyo saa tatu kabla ya tukio. Ukiitwa, swali lako la kwanza liwe: hii saa ni ya wapi?

Sasa rauta. Najua mtabebana hosteli, yaani mtalala wengi chumba kimoja, na mtachangishana hela ya rauta ya kuchomeka kwenye tundu la ukutani. Nyuma ya rauta kuna tundu moja la WAN, la kupokea mtandao, na mengine, aghalabu manne, ya LAN, ya kugawia vifaa vyenu. Ukichomeka waya wa ukutani kwenye LAN, rauta yako inaanza kugawa anwani kwa majirani. Kifaa kinachotafuta anwani kwa kawaida hukubali jibu lililowahi, na rauta iliyo chumba cha pili huiwahi seva iliyo jengo la mbali. Korido nzima inapata anwani za 192.168.0 na kitu: simu zinaonesha zimeunganishwa, lakini hakuna intaneti. Swichi ya chuo (kifaa kinachounganisha waya za matundu yote) iliyowekwa vizuri itazuia majibu hayo au hata kulifunga tundu lako. Isiyowekwa vizuri, fundi atapita na laptopu akifuata anwani ya MAC tundu kwa tundu mpaka mlangoni kwenu. Hata ukichomeka sawasawa kwenye WAN, watu wanane nyuma ya rauta hiyo wote wanahesabika ni wewe.

Kuhusu kubadilisha maksi sitasema mengi, maana huo ni ujinga wa wazi. Maksi haziko kwenye mfumo peke yake. Ziko kwenye faili la mwalimu na kwenye karatasi zilizopita vikao vya idara, na hifadhidata yenye kumbukumbu za mabadiliko inaandika nani alibadilisha D kuwa B, na saa ngapi. Afadhali sapu (mtihani wa marudio), na hata disko (kuondolewa chuo kwa kufeli), kuliko hiyo kesi.

Utaniambia ulikuwa unajaribu tu. Robert Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, naye alisema hivyo hivyo. Tarehe 2 Novemba 1988 aliachia programu inayojinakili, akaianzishia kwenye kompyuta ya MIT, chuo kingine cha huko. Aliipa kanuni kwamba ikikuta nakala yake imeshafika, mara moja katika kila saba ijiweke tu. Moja katika saba ikawa nyingi mno, na kompyuta zikalemewa. Mwaka 1990 alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Ndiyo, baadaye akawa profesa MIT, najua utalileta hilo. Mahakama haikujali nia yake ilikuwa njema kiasi gani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inasema kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Angalia hilo neno "isiyopungua". Kwa boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) ya shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni hela ya siku 300. Kenya sheria yao ya 2018 inamgusa hata anayetoa nywila bila ruhusa: hadi shilingi milioni 5 za kwao au miaka 3.

Siku moja utabadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa wa matokeo, yakatokea ya mtu mwingine. Ishia hapo hapo. Usijaribu namba ya pili "kuhakikisha", usipakue kitu, usirushe kwenye grupu la darasa. Waandikie kurugenzi ya TEHAMA ukurasa gani, saa ngapi, ulifanya nini.

Na steshenari, usiandike nywila yako kwenye kompyuta zao. Pakua PDF kwa simu yako, watumie faili. Ukihisi nywila imevuja, ibadilishe kwa simu yako mwenyewe, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, kisha fungua mipangilio ya barua pepe uangalie kama kuna anwani usiyoijua inayotumiwa nakala, na kama namba ya kurejeshea akaunti bado ni yako. Watu wengi hubadilisha nywila wakasahau hivyo viwili, na mwizi anaendelea kusoma. Halafu andikia dawati la msaada siku hiyo hiyo, utaje saa, maana kumbukumbu za seva hufutwa baada ya muda. Ujumbe wako uliotangulia malalamiko una uzito kwenye kamati kuliko maelezo utakayotoa baada ya kuitwa.

Mjomba wako