Kabla ya Uso, Tazama Kikombe

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifikia, marahaba. Nimesoma ulichomwandikia mwalimu wako wa sanaa kuhusu *Le Goûter*, picha ya mchoraji Jean Metzinger ya mwaka 1911 ya mwanamke anayekunywa chai: kwamba yule mwanamke amevunjikavunjika kwa huzuni. Hapo sikubaliani nawe, mwanangu.

Uache uso kwanza, uanze na kikombe kilicho mbele yake. Nusu yake kimechorwa kama akionavyo aliyeketi mezani, ubavu wake tu. Nusu ya pili kimechorwa kama akionavyo anayemimina chai kwa juu, mdomo wote wazi. Kikombe hicho ni kizima kabisa. Metzinger amekataa tu kusimama mahali pamoja. Mwaka huohuo aliandika kwamba wachoraji wenzake wamejiruhusu kukizunguka kitu wanachokichora, na mwaka 1912 yeye na mchoraji mwenzake Albert Gleizes wakatoa kitabu kizima juu ya Ukubisti, mtindo huu wa kuchora kitu kimoja kwa pande kadhaa kwa wakati mmoja.

Sasa rudi usoni. Sehemu moja inakuelekea, nyingine umeiona kwa ubavu, kama kikombe kilekile. Msiba uko wapi? Mwanamke ameinua kijiko, anakunywa chai yake kwa utulivu. Rangi za kahawia na kijivu ndizo zilizokufanya uhisi simanzi, nadhani, lakini Wakubisti wengi wa miaka ile walizipunguza rangi ili jicho lishughulike na umbo.

Na ule utulivu wake watu waliuona mapema. Mhakiki André Salmon alimwita Mona Lisa wa kijiko, akimfananisha na mwanamke wa ile picha maarufu ya Leonardo da Vinci. Picha hii ilipooneshwa Paris kwenye maonyesho ya sanaa ya Salon d'Automne, vuli ya 1911, Mona Lisa mwenyewe hakuwapo kwenye jumba la makumbusho la Louvre mjini humo, alikuwa ameibwa tangu Agosti. Napenda sana kuwaza hilo: ukuta mmoja mtupu, na kwingineko mjini humohumo mwanamke mwingine anayetazama kwa upole uleule, ila huyu huwezi kummaliza kumtazama ukiwa umesimama mahali pamoja.

Kwa hiyo futa neno "amevunjika". Andika ulipokuwa umesimama ulipoliona kila jicho lake, kisha fanya hivyohivyo kwa bega na kwa mkono ulioshika kijiko. Mwalimu akikubishia, mwoneshe kikombe. Nitumie utakachoandika kabla hujakikabidhi, nina hamu ya kukisoma.

Mama yako